Jina la Creed Halcomb

Orlene Sizemore alikuwa na miaka kumi na miwili mgodi wa makaa ya mawe ulipomwangukia baba yake, kule milimani Kentucky. Maiti haijazikwa, msimamizi wa mgodi, Creed Halcomb, akasimama mbele ya wachimbaji akasema marehemu alishuka chini akiwa amelewa. Uongo mtupu. Baba yake alikuwa shemasi, pombe hakuijua hata harufu. Lakini nani angebishana na mkubwa? Mjane na mwanawe wakatolewa kwenye nyumba ya kampuni ya mgodi wiki hiyohiyo.

Wakahamia kwa bibi, wakaishi kwa maharage na mkate wa mahindi. Orlene akajifundisha gitaa la marehemu. Aliimba misibani, kisha kwenye vilabu vya barabarani ambako walevi walimrushia maganda ya karanga, mpaka redio ya mji jirani wa Hazard ikamchukua. Kila alipotaka kukata tamaa alimkumbuka Halcomb, na nguvu zikarudi.

Kisha akaenda Nashville, mji wa muziki, na wenye studio walimtaka aimbe mapenzi. Akawapa wimbo mmoja wa mapenzi. Wa pili ulikuwa wa baba yake, na katika kila kiitikio alilitaja jina la Halcomb, lote. Wimbo ukashika kama moto kwenye nyasi kavu. Halcomb akiingia kwa kinyozi, watu waliupiga kwa mluzi.

Mwishowe Halcomb, sasa mzee, akamfuata nyuma ya jukwaa, kwenye maonyesho ya wilaya, kofia mkononi.

"Binti, wajukuu zangu wanazomewa shuleni. Uache huo wimbo."

"Baba yangu alikuwa amelewa?"

"Hapana. Nguzo za mgodi zilikuwa zimeoza. Nami nilijua."

"Basi twende ukawaambie."

Akawaambia, mbele ya umati. Mama yake Orlene, aliyekaa mstari wa mbele, alilia, akamwashiria bintiye kwamba yatosha.

Orlene akamshukuru mzee kwa adabu, akamwekea kiti palepale jukwaani. Kisha akauanza wimbo, na umati mzima ukaitikia lile jina. Halcomb akakaa hadi ubeti wa mwisho. Njia ya kushukia ilipita katikati ya umati.

Walipofika nyumbani mama akasema, "Yule ni mzee, mwanangu."

"Baba hakuupata huo uzee," Orlene akajibu, akaingia chumbani, akalala fofofo.