Paja la Mbuzi Mtaa wa Msimbazi

Rafiki yangu Candida anafanya kazi mapokezi ya benki, na akishaamua kukufundisha jambo huponi. Wiki nzima alininoa namna ya kuingia mbele ya watu. Simu niizime, kadi ya biashara niitoe kwa mikono miwili, nisikae kabla sijakaribishwa, nisiongee kama naita wateja barabarani. La mwisho alilikazia. Nisiende na mama.

Nilikuwa naenda kuomba fremu ya duka la Ranjanben. Mjane huyu wa Kihindi ameuza vitambaa Mtaa wa Msimbazi tangu mimi sijazaliwa, na sasa miguu imemchoka, anatafuta wa kumwachia duka. Mimi mapazia yangu nauzia kwenye fremu ya kubanana, kila mtu na ukuta wake, na mpangaji mwenzangu akipiga chafya ninainama. Fremu ile niliitaka mpaka nikaiota. Wenye majina makubwa Kariakoo walishaiomba, na wote aliwarudisha kwa upole.

Mama alikuwa amekuja kutoka Kibosho kutibiwa macho, akafikia kwangu Ilala. Aliposikia ninakoenda alinihurumia. Kwao mtu haombi mahali pa kukaa peke yake kama yatima. Anasindikizwa na mzazi, na mzazi haendi mikono mitupu. Nilibishana naye mpaka sauti ikaniishia, maana mama yangu kwa maneno hashindwi. Asubuhi nilimkuta mlangoni ameshavaa kitenge chake cha Pasaka, kapu la ndizi mkononi.

Ranjanben alikuwa kaunta na mpwa wake, Dhaval. Ukutani juu yao taa ya mafuta iliwaka mbele ya picha za miungu yao, na udi ulifuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikatoa kadi kwa mikono miwili, akaisoma taratibu, akatabasamu. Mambo yalikuwa yananyooka.

Ndipo mama akaweka kapu chini, akasogeza ndizi, akatoa furushi la majani ya mgomba ambalo sikujua lilikuwamo. Akalifungua juu ya kaunta, kwenye kitambaa cheupe. Lilikuwa paja la mbuzi lililokaushwa kwa moshi, linang'aa mafuta.

Dhaval alirudi nyuma, akaziba pua. Kila mtu Kariakoo anajua kwamba familia ile haigusi nyama. Asiyejua alikuwa mama peke yake, naye alisimama pale akisubiri ashukuriwe.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Maneno ya kujiokoa nilikuwa nayo tayari, kwamba wamsamehe, ni mzee wa shamba, mambo ya mjini hayajui. Kisha nikaiona mikono yake imejaa mafuta, bado ameinyoosha. Mbuzi yule alimlisha mwenyewe kwa macho yale yasiyoona vizuri. Nikampenda mama yangu, maneno yale nikayameza.

Nilivua skafu niliyoazimwa na Candida, nikalifunga paja.

"Mama," nikasema, wala sikunong'ona, "wenyeji wetu hawali nyama, na hapa wanasali. Umewaletea kilicho bora kuliko vyote tulivyo navyo. Hiki tutakula wenyewe jioni. Wao tuwape ndizi."

Kisha nikamwomba Ranjanben radhi, nikasema kitambaa nitakifua mimi, nikaanza kufuta kaunta kwa mkono wa koti langu jipya. Fremu nilishaiaga.

Ranjanben alimwambia Dhaval amletee mama kiti, kile chenye mto, kiti chake mwenyewe.

"Mwanangu Alpesh akipata wageni, ananiambia nikae ndani," alisema. "Ananipenda sana. Lakini nikae ndani."

Alichukua ndizi moja, akaimenya, akampa mama nusu. Mama alimwahidi kwamba zikiisha atamletea nyingine, na kwamba mbuzi hatapita tena mlango ule hata akiwa hai. Ranjanben alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya sari.

Tulipoinuka, alichomoa ufunguo wa duka kwenye pete ya funguo zake. Hakunipa mimi. Aliuweka kwenye kiganja cha mama, akamkunja vidole juu yake, akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, pamoja na mafuta yake.