Jicho la Kushoto la Divine

Kuziba jicho zima la mtoto ili lile gonjwa lijifunze kuona: hiyo ndiyo kazi aliyopewa Émérance, na ilimchosha kuliko mimba yenyewe. Binti yake Divine alizaliwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto. Madaktari walimpasua Bukavu angali mchanga, wakamvisha miwani midogo iliyofungwa kwa utepe kisogoni, wakamrudisha Uvira. Kila asubuhi jicho la kulia lizibwe kwa plasta.

Divine alilia plasta ikibandikwa, akalia mpaka usingizi umshike. Nguo za wateja zililundikana kando ya cherehani. Aimé, baba wa mtoto, alikuwa kazini Kamanyola, akija mara mojamoja. Nyumbani alikuwepo mama mkwe, Mama Agathe, aliyeitazama plasta ile na kuguna.

Siku moja Émérance alirudi kuteka maji akakuta plasta imebanduliwa. Divine yuko mapajani mwa bibi yake, anacheka.

Émérance alitua bidoni lake la maji. Aliketi chini palepale, machozi yakamtoka.

"Miye nilizani unamutesa mutoto," alisema Mama Agathe.

Ndipo Émérance akamweleza alivyoelezwa na daktari. Mtoto anapozaliwa, mishipa ya fahamu ubongoni imekwisha kugusana, ila maungio mengi bado ni bubu: mshipa mmoja unapiga hodi, wa pili hausikii. Jicho likiona, hodi inapigwa tena na tena, mpaka yale maungio yazoee kuitikia na kukomaa. Jicho la kushoto lilifungika tangu tumboni, halikupiga hodi. La kulia likatwaa nafasi yote.

"Na kama hii jicho haifundishwe?"

"Ubongo itaizoea hivyo, mama. Akisha kukomaa, hata miwani haitasaidia sana."

Mama Agathe alimtazama usoni. "Na weye," aliuliza, "unalalaka saa ngapi?"

Émérance aligeukia zile nguo kando ya cherehani.

Tangu hapo bibi alishika zamu ya mchana. Alimpungia mjukuu kitambaa chekundu, akamgongea kijiko kwenye bakuli na kukisogeza huku na huku. Divine aliendelea kulia, ila sasa alilia mikononi mwa watu wawili.

Walipomrudisha kwa daktari, alipitisha kidude cha rangi mbele ya jicho la kushoto. Jicho likakifuata, likakipoteza, likakitafuta tena. Daktari aliridhika. Lakini kazi bado, alisema. Itaendelea mpaka Divine aanze masomo, na jicho hili huenda lisilingane kamwe na lile la kulia.

Émérance aliitika. Furaha aliisikia kwa mbali, kama habari njema ya jirani. Walipofika nyumbani alibandika plasta mpya, kilio kikaanza. Mama Agathe alimbeba mtoto mgongoni, akamwambia mkwe wake aende kulala, nguo za watu zingoje.

Émérance hakubisha.