Makabati Mawili ya Mama Preece

Kaa vizuri kwanza, maana hili ninalokwambia utasema natunga. Limetokea hapahapa Leominster, mji wetu mdogo wa Uingereza, kwenye karakana ya Tamsin Yapp, yule dada anayepaka samani rangi ya chaki, ile isiyong'aa, halafu anazipiga msasa mpaka zionekane zimerithiwa. Na yote yameanzia kwenye kabati la vyombo.

Bi Hilary aliingia na picha kwenye simu. Kabati la marehemu mama yake, Mama Preece: mbao za msonobari, krimu juu, na kijani kinachungulia pale krimu ilipobanduka. Mama alimwachia mdogo mtu, Glenys.

"Sina kinyongo," Hilary alisema, kwa sauti ya mtu mwenye kinyongo cha kugawia mtaa mzima. "Nataka pacha wake tu. Likae jikoni kwangu, nilitazame nikinywa chai."

Tamsin akaona kazi nyepesi. Alipata mnadani kabati la umbo lilelile, akapaka kijani, akasugua mshumaa kwenye kingo ili rangi ya juu isishike, akapaka krimu, akapiga msasa mpaka kijani kikatokea. Mteja mwingine angemkumbatia.

Hilary alilizunguka kama afisa wa forodha.

"Limependeza. Ila hapa, mwanangu, baba alikuwa anaegemea kiuno akisubiri chai yake. Palikwisha zaidi. Na droo ya visu mama alikuwa anaifunga kwa goti, mikono imejaa."

Tamsin akasugua. Kesho yake Hilary huyo, karudi: sasa pamezidi, baba hakuwa mnene kiasi hicho. Akapaka tena, akangoja pakauke, akasugua tena. Halafu alama ya buli la moto ikawa imekaa kushoto mno. Halafu matobo ya wadudu. Tamsin aliyatoboa kwa msumari mwembamba, Hilary akavaa miwani, akasema wadudu wa kwao hawakuwa wanajipanga foleni.

"Sasa wa kwenu walitembeaje, Bi Hilary?"

"Ovyo. Kama Glenys anavyoendesha gari."

Ikafika mahali mume wa Tamsin, Rhodri, akimwona anaingia na vumbi jeupe kwenye nyusi anamuuliza, "Leo mzee kanenepa au kakonda?" Na Tamsin hana hata nguvu za kucheka.

Lilipoisha, Hilary alipitisha kiganja pale kwenye kiuno cha baba, akajifuta jicho, akalichukua. Tamsin akasafisha brashi na kujiapiza: wateja wenye wazazi sitaki tena.

Sasa sikia. Hata mwezi haujaisha, gari la mizigo likaegeshwa nje. Akashuka mama mfupi, kaungua jua mpaka pua inabanduka.

"Mpenzi, wewe ndiye Tamsin? Mimi Glenys Preece. Nimetoka likizo Tenerife juzi, dada yangu Hilary ndiye alibaki na ufunguo ananimwagilia maua. Nina kabati la mama, mlango unakwama, naomba na nta kidogo ling'ae. Jumapili dada yangu anatimiza sitini, nataka nimpe."

"Umpe Bi Hilary?"

"Amelitaka tangu mama anafariki. Hasemi, lakini kila akija kwangu analishikashika. Na mimi nalipenda, nisikudanganye. Ila nimekaa kule ufukweni nikafikiri: kabati ni kabati, dada ninaye mmoja."

Wakalishusha. Tamsin akavuta droo ya visu, na harufu ikampiga usoni: nta ya nyuki na tapentaini, ile anayochanganya mwenyewe. Mama Preece kafa miaka kadhaa, droo yake inanukaje nta mbichi? Akainama. Matobo ya wadudu, kila moja analijua kama meno yake.

Kazi yake mwenyewe. Maana yake Hilary, aliyeachiwa ufunguo amwagilie mdogo wake maua, alibadilisha makabati.

"Kuna tatizo?" Glenys akauliza.

"Hapana. Ni mlango tu."

Glenys alipoondoka, Tamsin aliwasha gari mpaka kwa Hilary, hasira mkononi. Na kweli, la mama limekaa jikoni. Akaligusa pale kwenye kiuno cha baba. Laini kama sabuni iliyotumika. Msasa hauwezi vile. Vile inaweza suruali ya mtu mmoja, asubuhi baada ya asubuhi.

Hilary alipoambiwa zawadi ya Jumapili alikaa chini taratibu. "Ananipa mimi?"

"Anakupa wewe. Na keki."

Ungedhani atalia. Wapi. Alilipima kabati kwa macho: "Una rangi kwenye gari? Lipake hili. Bluu. Jumapili akija aone kabati lingine tu."

"Nilipake la mama yako?"

"Utalisugua tena baadaye. Si ndiyo kazi yako?"

"Bi Hilary, umenitoa roho kwa ajili ya kiuno cha baba yako. Leo unataka nikifunike kama ufa wa ukutani? Kikishafunikwa hakirudi."

"Unataka nimwambie dada yake mwizi? Wewe hutujui. Tuligombana kwenye mazishi, Krismasi mbili hatukusemeshana. Ya tatu ndiyo akanipa ufunguo."

"Mimi sipaki. Na ukipaka mwenyewe, namwambia."

"Mwambie," alisema Hilary, upole wote umekwisha. "Nami nitasema ulijua tangu mwanzo. Nani kapima? Nani katoboa matobo? Mji huu mdogo, mwanangu. Tuone nani atakuletea hata stuli."

Tamsin akaondoka bila kuaga, na ujue kwa watu wa huku hilo ni tusi kubwa.

Jumamosi Glenys akaja kulichukua. Alipapasa ubavu wa kabati akitabasamu. "Hapa baba alikuwa anaegemea." Tamsin anatazama mkono wa mama wa watu unabembeleza msasa wake wa juzi.

"Kesho uje kula keki, mpenzi. Na nina ombi. Wewe ndiye mjuzi, simama useme mbele ya watu kwamba hili ndilo lenyewe la mama, hakuna jingine duniani. Hilary atalia, utaona."

Simu ya Tamsin ikaanza kutetemeka juu ya benchi: Hilary. Akaigeuza kifudifudi.

"Bi Glenys," akasema, "hebu kaa. Naweka birika."

Glenys akakaa kwenye kiti kilichopakwa nusu, mkoba magotini, uso umejaa furaha ya mtu anayetoa zawadi. Birika likaanza kuvuma. Tamsin akisema ukweli, dada wawili wamekwisha na jina lake limekwenda. Asiposema, kesho atasimama mbele ya keki aapie matobo ya msumari wake, na la mama huko linangoja bluu.

Haya, ungekuwa wewe ndiye Tamsin, maji yamechemka, ungefanyaje?