Warsha ya Kuzuia Utoro

Siku ya warsha ya kuwabakisha shuleni watoto wa Kiislamu wenye shida, darasa la saba walirudishwa nyumbani. Chumba chao ndicho pekee chenye feni, na wataalamu hawawezi kuwajadili watoto huku wanatokwa na jasho. Watoto wenyewe watasubiri. Wamezoea.

Mpika chai wa shule, waliyemwita Bibi Birika, alikuwa na mjukuu katika darasa hilo. Mama wa mtoto alifariki, mume wa bibi naye akafuata mwaka wa pili, wakabaki wawili. Sasa jina la mjukuu lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu pamoja na mengine kumi na moja: watoro wasioruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Orodha ya watahiniwa ilikuwa inapelekwa wilayani saa kumi jioni ile ile. Asiyekuwemo, shule imemwishia hapo.

Mtoto hakuwa mtoro. Kosa lake lilikuwa kuswali Ijumaa. Mwalimu mkuu, katika vita vyake na wanaotoroka baada ya chakula, alibuni mahudhurio ya pili, saa saba na robo mchana. Muda huo, kila Ijumaa, wavulana hao kumi na wawili walikuwa msikitini, ukuta kwa ukuta na shule. Hotuba ilisikika mpaka darasani. Mwalimu wa rejista aliisikia vizuri tu, huku akiandika: hayupo, hayupo, hayupo. Saa nane kasorobo wanarudi mbio, viatu mkononi, wanasoma mpaka jioni. Rejista haina habari nao.

Bibi alikwenda ofisini mara tatu. Mara zote aliambiwa suala lake ni zito mno kwa ofisi, lisubiri warsha. Haya, warsha ndiyo hii.

"Kwa nini watoto hawa hawabaki shuleni?" aliuliza mwezeshaji, kijana mwenye tai, akiwa tayari kuandika kwenye karatasi kubwa ukutani.

"Wazazi hawana mwamko," alisema mmoja.

Mwezeshaji akaandika, akapiga mstari chini yake.

"Ndoa za mapema!"

Akaandika. Bibi akamfikiria mjukuu wake, ambaye hata soksi zake hajui alikozivulia, akiwa mume wa mtu. Akaweka birika chini, akanyoosha mkono.

"Asante mama, sukari ipo huku," mwezeshaji akamwambia.

Mpaka saa nane na nusu karatasi nne zilikuwa zimejaa. Palikuwa na mwamko, mila, mitazamo, na kitu kinaitwa changamoto mtambuka, ambacho hakuna aliyethubutu kuuliza ni nini. Msikiti wa ukutani haukutajwa. Watu wakafunga mikoba. Binti mmoja wa mradi ulioandaa warsha akamfuata Bibi na fomu na kidau cha wino.

"Mama, weka dole gumba hapa tu."

"Nimemaliza darasa la saba, mwanangu. Herufi ninazo zote." Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mimi mzazi nimeshiriki kikamilifu, na maoni yangu yamesikilizwa." Akavua miwani. "Maoni gani?"

"Ni maneno ya fomu tu, mama."

"Nimeshatia udhu nangoja alasiri. Usinitoe kwenye swala ukanipeleka kwenye uongo. Mimi nimemimina chai."

Binti akamkimbilia mwezeshaji. Ikabainika kwamba mradi ulitaka mzazi mmoja, Mwislamu mmoja na mwanamke mmoja, na kwa kubana matumizi wote watatu walikuwa Bibi Birika. Bila saini yake, warsha haikufanyika.

"Mama yetu mpendwa!" Mwezeshaji alikuwa ameshalegeza tai. "Jamani, kaeni kidogo. Mama ana maoni."

Wakakaa na mikoba mapajani. Bibi akasema Bismillahi, kisha akaeleza saa saba na robo, hotuba, rejista na orodha ya mlangoni. Maneno yake yasingejaza hata robo ya karatasi.

"Hilo ni suala la kanuni," alisema mwalimu mkuu.

"Kanuni uliitunga wewe mwenyewe, mwalimu, mwezi wa pili. Nilikuwepo. Ulikuwa unakunywa kikombe cha tatu."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu mkuu akamsogelea, akashusha sauti. "Sikiliza, Bibi. Huyo wako namrudisha sasa hivi. Tusaini, yaishe."

Alhamdulillahi, alitaka kusema, achukue kalamu, aende zake. Kidole kilikuwa kimeshagusa fomu. Lakini mjukuu wake alikuwa anaswali safu moja na wale kumi na mmoja, na mama zao walikuwa wanaswali na yeye.

"Mimi maoni yangu ni kumi na wawili," alisema. "Ukimrudisha mmoja tu, nami nikasaini kwamba yamesikilizwa, huo ni uongo. Sisaini."

"Saa tisa hii!" mwezeshaji akalia, si kwa ajili ya watoto, gari la mradi lilikuwa limeshawashwa.

Mwalimu mkuu akatoka, akarudi na orodha ya watahiniwa. Bibi akamtajia majina moja moja, naye akaandika, kalamu ikikwaruza karatasi kwa hasira. Jina la mjukuu alilitaja la mwisho. Mahudhurio ya Ijumaa yakasogezwa saa nane. Ndipo akasaini, jina kamili, pole pole, herufi kubwa na ndogo mahali pake, huku gari likipiga honi.

Ripoti ya mradi ilieleza kwamba, kutokana na mbinu shirikishi, wazazi sasa wana mwamko.

Ijumaa iliyofuata, saa nane kamili, mwalimu wa rejista alikuwa ameshaandika "hayupo" mara nne kwa mazoea kabla hajasikia kwamba mbele yake kuna watu wanaitika. Ikabidi aombe kifutio kwa mmoja wao.