Sahani ya Moto ya Femke

Mimi ndiye mpishi na mshika funguo wa nyumba ya wageni ya pale kilimani, kijijini kwetu, mkoa wa Marche, Italia. Kwa miaka kumi na sita nimewaona wengi waliokuja kupumzika, lakini kama Wouter sijapata kuona. Alitoka Uholanzi na mkewe Femke, mtoto wao Teun wa mwaka mmoja na nusu, na marafiki wawili, Jeroen na Lotte, ambao hawana mtoto ila wana maoni. Siku ya kwanza tu Wouter alivua saa, akatangaza kwamba wiki hii hakuna haraka. Akajilaza kando ya bwawa la kuogelea na kitabu chake, na hapo ndipo alipoota mizizi.

Femke yeye alikuwa mbio tangu jogoo la kwanza. Bwawa halina uzio, ngazi ni za mawe, na Teun alikuwa na miguu ya mwizi. Kila nilipoandaa chakula, mama wa watu alikaa, akainua uma, mtoto akateleza kitini, naye huyo nyuma yake. Akirudi, tambi zimeshagandana. Lotte akamshauri kwa upole aache kumfuatafuata, amwachie mtoto aigundue dunia. Dunia yenyewe ilikuwa na kina cha mita mbili. Wouter alijitia hamnazo, akafunua ukurasa.

Jumatano nilimkuta Femke jikoni amesimama, anakula makombo ya mtoto. Nilimuuliza kwa nini asikae. Akaniambia tangu Teun azaliwe hajamaliza sahani hata moja ikiwa ya moto, na alidhani huku, kwa watu wazima wanne, angepata japo moja. Machozi yakamtoka, akasingizia kitunguu. Sikuwa nimekata kitunguu. Nilikasirika, sifichi.

"Jumapili njoo kwangu na mtoto," nikamwambia.

"Na wao?"

"Wana mikono, dada."

Jumapili kwetu meza ni moja, watu kumi na wanane, na mtoto ni wa aliye karibu. Teun alipitishwa paja hadi paja, akaishia kwa mama mkwe wangu, Iride, aliyempa mkate uliochovywa mchuzi. Femke nilimwekea tambi za mchuzi wa bata bukini, zinafuka moshi. Mtoto akiguna tu, mama yake anainuka. Mara ya tatu Iride akamshika bega, akamkalisha.

"Kaa, mwanangu. Hapa anayeinuka kabla ya kahawa ni mgonjwa au padri."

Basi akala. Haki ya Mungu, alikula kama mtu aliyetoka kifungoni, na hakuna aliyemsemesha.

Alipofika nusu ya sahani, Wouter akatokea mlangoni, Jeroen na Lotte nyuma yake, njaa imewakausha midomo. Walitaka kujua mchana huu wanakula nini. Kabla sijawajibu, harufu ilitangulia. Iride alimwinua Teun na kumkabidhi baba yake. Wouter akamnusa, akamshika mbali na shati lake.

"Femke," akaita, "Teun amejinyea."

Femke alikuwa na tonge mdomoni. Akalitafuna mpaka likaisha, akameza, akapangusa midomo.

"Nimesikia," akasema. "Bomba liko nyuma ya banda la kuku."

Kisha akanisukumia sahani nimwongeze.