Mafuta ya Alizeti Ndani ya Piano

Wewe umewahi kuitwa ndani ya nyumba yako mwenyewe, mchana kweupe, na kitu kisicho na mdomo?

Bibi Yasinta wa Mwankoko aliitwa miezi minne. Aliyemwita ni piano ya marehemu mumewe, Peniel, mwalimu wa kwaya. Ilikaa sebuleni chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, pindo jekundu. Peniel alitoka alfajiri kwenda Kintinku kununua mbuzi, Yasinta akiwa kisimani, akafia hukohuko. Hata kwaheri hawakupeana.

Baada ya msiba alipita Calist, fundi wa redio. Akafungua kifuniko, akatikisa kichwa kama daktari.

"Bibi, piano isiyopigwa haina haja ya kurekebishwa sauti. Ila hewa yetu kavu. Hivi vigingi vya chuma vinavyokaza nyuzi, vipake mafuta ya alizeti kila Jumamosi."

Mafuta hayakuwa shida; nani Singida anakosa alizeti? Yasinta alipaka kwa unyoya wa kuku, kigingi baada ya kigingi, taratibu, kama anayemkanda mgonjwa.

Wiki ya tatu, akichambua mlenda, piano ikaguna. "Mmmm." Nzito, vilevile kama Peniel alivyotafuta sauti kabla ya kwaya kuanza. Hakuitika. Tangu utotoni alifundishwa: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Lakini Jumamosi iliyofuata akazidisha mafuta. Kila alipozidisha, iliita zaidi, na kila siku sauti ilishuka kidogo, kama mtu anayetelemka shimoni.

Siku moja Loyce, dada wa marehemu, akaisikia.

"Wifi! Umefuga mwanaume humo?"

"Kaka yako."

Loyce hakucheka tena. Kesho yake akamleta Chrispin, fundi wa piano hasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Chrispin akashika kigingi kimoja. Kikazunguka kwa vidole vitupu. Akanusa.

"Nani kakudanganya, bibi? Vigingi hushikwa na ubao mkavu. Huu umekunywa mafuta, nyuzi zinaserereka, ndiyo huo mlio. Nikizitoa nikabadili ubao, piano itapona. Tukiiacha, kabla ya mvua itakuwa bubu."

"Na ikipona, itaita tena?"

"Haitaita."

Yasinta akakikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Haya. Toa."

Chrispin akatoa nyuzi moja moja, akazilaza sakafuni. Ule wa mwisho, mnene kuliko zote, alikuwa ameushika mkononi, piano imebaki tupu, ndipo iliposikika:

"Mmmm."

Koleo likamdondoka Chrispin. Loyce alikuwa ameshafika uani.

Yasinta hakukimbia. Aliweka kiganja juu ya mbao, zilikuwa na joto kidogo.

"Abee," akaitika, kwa mara ya kwanza. "Mume wangu, mimi sikutaka urudi. Nilitaka uniage tu."