Thibitisha Kuwa Wewe ni Binadamu

Ta-ta. Ta-ta. Jogoo hajawika bado, Bibi Filomena akasikia kucha ikigonga kioo cha simu. Alijifunga khanga, akamkuta mjukuu wake Furaha ameketi jikoni gizani. Giza halikumsumbua, Furaha haoni tangu utotoni.

"Mke mwenzangu, hujalala?"

"Imenikataa tena, bibi. Na mwisho wa maombi ni leo."

Furaha alikuwa anaomba nafasi katika chuo cha ualimu mjini Morogoro. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti, na maswali yote aliyajaza mwenyewe. Likabaki la mwisho: thibitisha kuwa wewe ni binadamu, chagua picha zote zenye daraja. Hapo simu ilisema tu, "Picha. Picha. Picha." Alipobonyeza alama ya sauti, ikatoka mikwaruzo ya Kiingereza, kama redio iliyotumbukia kisimani.

"Lete hapa, macho ninayo," alisema Filomena.

Akavaa miwani, akagusa madaraja ya zege. Picha moja ilikuwa ya gogo lililolala juu ya kijito. Akaigusa bila kusita. Kwao Mgeta, milimani, watu wanavusha kabichi juu ya magogo kama hayo tangu babu zao. Simu ikakataa. Jaribu tena baadaye.

"Umechagua nini, bibi?"

"Daraja! La gogo."

Furaha alicheka kidogo, kisha akalia. Filomena hakucheka. Hasira yake ni ya kuchelewa, lakini ikishafika haiondoki.

Wakateremka mjini na lori la mboga. Dereva, Emmanuel, aliondoa mizigo yake kiti cha mbele wakae, na njia nzima akamtajia Furaha kila kona kabla haijafika, asije akayumba. Filomena aliuweka wema huo moyoni, hata siku ya ghadhabu.

Chuoni walielekezwa kwa fundi wa kompyuta, Brian, wakamweleza yaliyowapata.

"Shikamoo bibi. Ule mtihani unazuia maroboti. Yalitujazia maombi ya uongo mpaka tovuti ikalala."

"Marahaba. Na huyu ni roboti?"

"Hapana bibi, jamani!"

"Basi mbona mashine yako imemfukuza usiku kucha?"

Brian akanyoosha mkono. "Dada, lete simu nikuchagulie, mara moja tu."

"Sitaki," alisema Furaha. "Nikitaka matokeo nikuite? Nikisahau nywila nikuite? Utapanda Mgeta kila mara?"

"Siwezi kuutoa mtihani hivi hivi. Mpaka bosi..."

"Mpigie," alisema Filomena kwa sauti ya chini. "Nyani wanatuibia mahindi kila mwaka. Hatujawahi kumfungia mtoto nje kwa sababu yao."

Brian akapiga. Akabishana, akatoka nje, akarudi jasho linamtoka, akakaa kwenye kompyuta muda mrefu. Mwishowe, badala ya picha, simu ya Furaha ikasoma swali jipya: andika siku inayofuata Jumatatu. Furaha akaandika. Ta-ta. "Maombi yako yamepokelewa."

Furaha aliishika simu kifuani. Bibi yake hakutabasamu.

"Na wasioona wengine, waliokwama jana?"

"Sijui, bibi. Hakuna aliyekuja kulalamika."

"Wangekuja na lori la nani?"

Brian akamgeukia Furaha.

"Dada, wiki ijayo rudi tena, nakuomba. Tuipitie tovuti yote, wewe ndiye ubonyeze. Na bibi uje naye, ingawa ananitisha."